Mwambie Baba Arudi

Watu wa Soweto, mtaa wetu hapa Mbeya, waliomfahamu Isakwisa wanaukumbuka mguu wake wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mguu tu, kama wangu na wako. Wa kushoto ulikuwa na akili zake: tarumbeta ikipanda unaruka kidogo, unarudi nyuma, unagonga sakafu kwa kisigino kabla mwenyewe hajaamua. Alitengeneza mabehewa ya treni miaka thelathini na moja, akastaafu, akafiwa na mke. Tulipompata sisi alikuwa na miaka sitini na mbili, anashinda barazani na redio, anagombana na kuku wa jirani.

Sisi ni kikundi cha bembea. Aliyetuletea ni Liberatus, mwalimu wa muziki kutoka Iringa, ambako tayari walikuwa na kikundi chao. Alituambia jina lake ni swingi, dansi ya zamani ya Wamarekani weusi: mnacheza wawili wawili, unamshika mwenzako mkono mmoja, unamwachia aende mbali, halafu unamvuta arudi. Wazee wetu jina liliwashinda. Mmoja akasema siringi, mwingine akasema sindi, mpaka Liberatus akachoka akasema basi, iteni bembea. Muziki wenyewe haukutusumbua hata kidogo. Hapa Mbeya nani hajakulia kwenye tarumbeta za kanisani? Hizi zilikuwa zilezile, ila zilikuwa zinacheka.

Tulikutana Jumapili saa nane mchana, watu wameshatoka ibadani na kula. Ukumbi tuliopewa ulikuwa na sakafu ya sementi iliyokula viatu na magoti yetu. Isakwisa ndiye aliyekwenda Mafinga, akachagua mbao za msindano moja moja kama mtu anayechagua mchumba, akazileta, akazipiga randa wiki tatu na kuzipigilia mwenyewe. Siku ya kwanza alitukataza kuingia na viatu vya matope, na mchungaji mzima alirudishwa mlangoni. Mimi nilipewa ufunguo na kopo la poda. Ninanyunyiza poda kidogo kabla hatujaanza, ili miguu iteleze.

Kikundi kilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, majina yako na vyeo vyako unaviacha nje. Isakwisa aliitwa Behewa. Mimi Bertha, Mama Yusta, fundi cherehani, niliitwa Sindano. Ya pili, Liberatus akipaza sauti "Badili!" unamwacha uliye naye na kuupokea mkono unaokutana nao, uwe wa mwenye duka au wa muuza nyanya. Mkono haukataliwi. Watu wazima na akili zao walikuwa wanatoka pale wamelowa jasho, wanacheka barabarani kama wanafunzi waliofunga shule.

Wimbo wa mwisho ulikuwa hauna badili. Unacheza na unayemtaka. Na niseme ukweli mapema nisije nikaonekana mtakatifu: miaka mitatu wimbo huo Isakwisa aliucheza na mimi. Hakuwahi kuniambia neno. Aliniona viatu vyangu vimeisha akavichukua, akavitia soli ya ngozi, akavirudisha vimefungwa kwenye gazeti. Wimbo ukiisha anasema, "Ndaga fijo, Sindano," yaani ahsante sana kwa Kinyakyusa, basi. Nami nilikuwa naishi na hiyo ndaga fijo mpaka Jumapili nyingine. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye mjukuu.

Halafu akaja Tekla. Alitoka kwenye kikundi cha Iringa, amepata kazi ya maabara kwenye zahanati moja hapa mjini, na sisi tukamwita Iringa. Alikuwa na miaka ishirini na saba na mgongo ulionyooka, na alikuwa anajua kusubiri. Hicho ndicho kigumu kwenye bembea, kumsubiri mwenzako bila kumvuta. Mwezi wa pili wa kuja kwake, wimbo wa mwisho ulipopigwa, Isakwisa alinipita nikiwa nimeshasimama, akampa Tekla mkono.

Halikuwa jambo la mapenzi, msimfikirie vibaya marehemu wa watu. Alimtazama yule binti kama alivyotazama ubao usio na fundo. Nilijua hivyo na bado niliumia. Nilikaa kwenye benchi na kopo langu la poda, nikamchukia.

Isakwisa alikuwa na mtoto mmoja, Lusekelo, dereva wa lori la mizigo la kwenda Lubumbashi. Mwezi wa nane Lusekelo alisema amepata mchumba na atamleta nyumbani aonekane. Shangazi yake, Ikupa, akaja kutoka Tukuyu kumpokea, maana baba mkwe hatakiwi kuwepo. Kwa mila ya Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hamwangalii usoni, hamtaji jina, hali naye pamoja. Wakikutana njiani mwanamke anaingia majanini mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha. Isakwisa hakuacha. Mke wake alijificha asionwe na baba mkwe miaka ishirini na akasifiwa kwa hilo mpaka kaburini, na yeye aliona kuacha ni kumtukana marehemu.

Basi ilipangwa mchumba afike saa nne, na Isakwisa saa tatu na nusu awe ameshatoka. Nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea suruali yake ya kuchezea niliyoipunguza kiuno, na yeye alikuwa uani anapaka viatu rangi. Saa tatu na robo geti likafunguliwa. Lusekelo alikuwa na haraka zake za barabarani, na nyuma yake, amejifunga kitenge kipya, ni Tekla.

"Behewa!" alipiga kelele kwa furaha. "Kumbe ndiyo unakaa huku?"

Akavuka ua mbio, akamshika mikono yote miwili, akajizungusha chini ya mkono wake kama tufanyavyo, mara moja, kitenge kikapepea. Na Isakwisa, mguu ule wa kushoto ukamjibu. Ulijibu wenyewe. Aligonga kisigino.

Ikupa alitoka jikoni na mwiko. "We Isakwisa!" alisema, na akajifunika uso kwa khanga. "Unashikana mikono na mkamwana wako!"

Sijawahi kuona mtu akizeeka kwa haraka vile. Aliachia mikono, akageuka, akatokea geti la nyuma akiwa na soksi, viatu vimebaki, kimoja huku kimoja kule. Tekla alibaki amesimama katikati ya ua, mikono bado iko hewani.

"Nimefanya nini?" aliniuliza. "Mama, nimefanya nini?"

Hakufanya kitu. Yeye ni Mhehe wa Iringa. Kwao mkwe anaheshimiwa, anapigiwa goti, lakini hakimbiwi.

Kuanzia hapo nikawa mjumbe. Mimi ni Mbena, si ndugu ya mtu pale, na wote wawili waliniamini. Isakwisa hakukanyaga tena ukumbini. Liberatus alishauri mmoja aje mapema na mwingine achelewe. Isakwisa akajibu, "Mlango ni mmoja. Tutagongana mlangoni." Kuhusu sheria ya badili hakuna aliyethubutu hata kumuuliza. Harusi ilifungwa Iringa mwezi wa kumi na mbili, na baba wa bwana harusi alikaa ndani ya gari nje ya kanisa, kioo kimepandishwa, mpaka bibi harusi alipopita.

Na neno lake lilikuwa moja. "Mama Yusta, mwambie acheze. Mimi nimeshacheza vya kutosha. Yeye ni mtoto, hana ndugu hapa Mbeya, mume wake yuko barabarani mwezi mzima. Asiniachie uwanja mimi mzee."

Nilifikisha. Hilo nililifikisha. Niliona linavyomgharimu. Jumapili nikipita kwake baada ya dansi namkuta barazani, redio imezimwa, ananitazama viatu kama vina poda. Sikumwonea huruma. Nilikasirika. Nilijiambia, anaacha kila kitu kwa ajili ya mila na kwa ajili ya binti, na mimi niliyesimama siku ile wimbo wa mwisho unapigwa, hata hanikumbuki.

Mwezi wa tatu Tekla alikuja dukani kwangu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika kitambaa cha mtu na kukikunja na kukikunjua.

"Mama, mimi naacha bembea," alisema. "Ile sakafu ni yake. Nikicheza pale naona kama nimeingia kwenye nyumba ya mtu nikamtoa. Mwambie Baba arudi. Mwambie sitakuja tena, hata siku moja, asiwe na wasiwasi wa kunikuta."

"Nitamwambia," nilisema.

Nilikwenda kwa Isakwisa jioni ile ile. Njiani kote maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikavua viatu mlangoni, nikaketi, na kabla sijasema yeye akatangulia.

"Anacheza?" aliuliza.

Angeuliza hali yangu. Angeuliza kama nimekula. Miezi saba nabeba maneno yao, na swali lake la kwanza ni hilo.

"Anacheza," nilisema.

Akatabasamu. Akasema, "Vizuri," na akaenda kunichemshia chai.

Nilitaka arudi kwa ajili yangu, hilo tu. Nilitaka siku moja achoke, aseme mila basi, uwanja basi, nimemkosa Sindano. Nikimpelekea ujumbe wa Tekla atarudi kwa sababu binti amempisha, na mimi nitakuwa aliyebaki. Nikasema nisubiri wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, na sasa kumwambia kulikuwa ni kumwambia pia kwamba nilidanganya. Kila nilipokwenda aliuliza, "Anacheza?" na mimi nikajibu, "Anacheza." Tekla aliponiuliza nikamwambia mzee ana kichwa kigumu, amekataa. Liberatus naye nikamwambia hivyo hivyo, kwamba hataki hata kusikia jina la kikundi. Wenzetu wakamwona ana maringo, wakaacha kumtembelea. Lusekelo hakuwa na habari, bembea aliiona ni mchezo wa watu wasio na kazi. Wimbo wa mwisho nilicheza na Zabron muuza mahindi, anayekanyaga.

Ilikwenda hivyo miezi minane. Mwezi wa kumi na moja Isakwisa alianguka bafuni asubuhi. Daktari alisema ni kiharusi, na kimepiga upande wa kushoto.

Lusekelo alikuwa Kongo. Aliyekuja kumhudumia ni Tekla. Alihamia pale na sanduku lake, akatundika pazia nene kati ya chumba cha mzee na jiko, na mila ikaendelea hivyo. Anapika, anaita jirani apeleke sahani. Kijana wa kiume wa jirani ndiye aliyemwogesha. Mimi nilikuwa naketi mlangoni, karibu na pazia. Mzee akisema neno ananiambia mimi, nami nageuka na kulirudia. Mkamwana akijibu ananiambia mimi. Nyumba yenyewe ndogo, kila mtu anasikia kila kitu, lakini neno halijafika mpaka mimi niliseme.

Alhamisi moja mchana nilifika, nikavua viatu vyangu, vile vya soli ya ngozi, nikaviacha upande wa jikoni, nikakaa mahali pangu. Isakwisa alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Mdomo ulikuwa umeanza kurudi mahali pake, maneno yanatoka moja moja.

"Mwambie," alisema. "Kuna ubao. Karibu na jukwaa. Ulikuwa unalegea tangu zamani, nilitaka kuupigilia. Mwambie Jumapili akicheza, asiukanyage. Ataanguka."

Niligeuka kwenye pazia. "Baba anasema kuna ubao umelegea karibu na jukwaa, ukicheza usiukanyage."

Kule jikoni mwiko uliacha kukoroga. Nilijua kinachokuja. Ningeweza kukohoa, ningeweza kuinuka, kusema nimesahau cherehani haijazimwa. Nilikaa tu.

"Mama," Tekla alisema, kwa sauti ya chini ya heshima, "mwambie Baba habari za ubao sizijui. Sijaingia ule ukumbi tangu mwezi wa tatu. Si nilikutuma umwambie? Niliacha ili yeye arudi."

Ilikuwa zamu yangu. Nilitakiwa kugeuka, nimtazame Isakwisa na kuyarudia maneno yale kwa mdomo wangu. Niligeuka. Niliufungua mdomo.

Aliinua mkono wa kulia, ule mzima, akanizuia. Alikuwa ananitazama, na sijui niseme alinitazamaje. Nilitamani anitukane. Alitazama mguu wake wa kushoto chini ya blanketi, kisha akanitazama tena.

"Nimesikia," alisema.

Halafu akalivuta blanketi likakaa sawa, akageuza uso kwenye pazia, na mtu yule aliyekimbia na soksi, aliyekaa ndani ya gari siku ya harusi ya mwanawe, akaita kwa sauti, yeye mwenyewe, bila mjumbe.

"Tekla."

Kule jikoni mwiko uliwekwa chini.

"Tekla, mwanangu. Mletee huyu mama viatu vyake. Anaondoka."

Pazia likasogea. Tekla akatoka, akapita mbele ya macho ya mzee, viatu vyangu mkononi.