Kadi Zisizo na Pengo

Kama unatafuta mtu wa kumsifu, mimi siye. Kwa miaka sita mimi, Mutunga, nilifanyia kazi kampuni moja ya mbegu bila kuiona ofisi yake. Kazi ilikuwa kwetu Makueni. Kila asubuhi saa tatu nilivuka mto Thwake hadi shamba la majaribio, nikasoma kipimo cha mvua, nikaandika milimita kwenye kadi. Ijumaa nilimpa dereva wa basi kadi hiyo, ikafika ofisi kuu, Industrial Area, Nairobi.

Mwishoni mwa 1997 mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Thwake ukafurika, ukabeba ng'ombe na miti. Nilivuka siku mbili. Ya tatu nikaogopa. Nikaweka sufuria ya mke wangu uani, nikawa naichungulia kutoka mlangoni huku nikinywa chai, nakisia, naandika. Leo arobaini na mbili, kesho thelathini na saba. Sikuacha siku hata moja wazi. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na nauli, ikanifikisha Nairobi.

Barua ilikuja Januari: wasoma mvua wote tufike ofisi kuu. Nilifikia mtaa wa Mowlem kwa ndugu yangu Wathome, ambaye ni karani. Mkewe, Nzilani, alinipa kitanda cha watoto na akanipigia suruali pasi mara mbili, kana kwamba naenda kuoa.

Tulikuwa tisa kwenye mkutano. Bwana Gichuru, mkuu wa utafiti, alitandaza kadi zetu mezani, akainua zangu.

"Mafuriko yote haya, na huyu hakukosa siku moja," alisema. "Hii ndiyo kazi."

Wakanipigia makofi. Kisha akainua kadi za Mbeti, mama wa makamo anayesoma kipimo cha upande wa chini wa mto ule ule. Siku kumi na tisa alikuwa ameandika maneno matatu tu: mto umejaa, sikuvuka.

"Mto ni mmoja, mama," Bwana Gichuru alimwambia. "Mwenzako anavuka. Ukileta pengo lingine mwezi huu, kazi nitampa mtu mwingine."

"Nimesikia, bwana," Mbeti alisema, macho kwenye vidole vyake.

Niliona aibu. Aibu yenyewe, ile ya kuchoma masikio. Neno moja langu lingemwokoa mama yule, nami kinywa nilikuwa nacho. Nilikitumia kunywa soda.

Jioni Nzilani alikuwa amechinja kuku. Wathome alisimama akaomba, akamshukuru Mungu kwa kumwinua ndugu yake mbele ya wakubwa. Binti yao Kavinya, wa kidato cha pili, alinigonga bega.

"Anko, kumbe wewe ni mdosi hivi, mtu mkubwa? Na hujatuambia."

Hata sijameza tonge la kwanza, hodi ikapigwa. Alikuwa Mbeti, ametembea kutoka mtaa wa Umoja alikofikia kwa dada yake; ofisini walikuwa wamemwelekeza nilipo. Nzilani akamkaribisha kiti na chai.

"Bwana Mutunga, samahani kukuingilia kwenye chakula," alisema, akitoa kijitabu kwenye mkoba. "Nimekuja unifundishe. Wewe huvukia wapi?"

Nyumba nzima ilinigeukia, na kila uso ulikuwa na fahari juu yangu.

"Juu kidogo," nikasema. "Penye ule mwamba mpana. Maji hufika magotini tu."

"Nilidhani hapo ndipo pabaya zaidi."

"Ukizoea si pabaya."

Aliandika polepole, akapigia mstari. "Basi Jumatatu nitapita hapo. Kuogelea sijui, lakini kama ni magoti, Mungu atasaidia."

Niliutazama ule mstari. Katika mafuriko hayo hayo, pale mwambani tulikuwa tumemtoa mwanamume mwenye nguvu zake, amekufa maji.

"Usipite hapo, Mbeti," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mimi mwenyewe sipiti. Sijavuka tangu Novemba. Naweka sufuria nje, naiangalia, naandika."

Wathome alirudisha paja la kuku kwenye sahani. Kavinya alitaka kuuliza kitu, mama yake akamkanya kwa jicho. Hakuna aliyenitazama tena, na nilitamani wanitazame.

Mbeti alifunga kijitabu. "Nina watoto wanne, na kazi ni hiyo tu," alisema. "Utamwambia Bwana Gichuru?"

"Kesho asubuhi."

"Nitakungoja langoni. Ni bora useme ukiwa peke yako, asidhani nimekushurutisha."

Asubuhi nilitoka Mowlem kwa miguu hadi Industrial Area, nikiyapanga maneno njia nzima. Yalikuwa machache na niliyajua vizuri. Bwana Gichuru alinipokea kwa mikono miwili. Ukutani nyuma yake alikuwa ameshabandika kadi zangu za Novemba ili wengine waige.

"Mutunga! Umesahau nini?"

"Nimekuja kuaga tu, bwana," nikasema.

Alinitakia safari njema. Ofisi ile ina lango moja, na Mbeti alikuwa amesimama hapo, mkoba begani, akinitazama nikija.