Mnazi wa Mlangoni kwa Mpangaji

Vijana wakiniuliza jinsi ya kuanza kupangisha nyumba, huwaambia waulize kwanza ardhi ni ya nani, na kila kilichoota juu yake ni cha nani. Wananiona mwoga. Ni kweli, na uoga huo niliupata Msambweni, miaka ile uhuru ulipokuwa bado mpya.

Watu walikuwa wakimiminika Ramisi kukata miwa, na kila mmoja alitafuta pa kulala. Nikajenga vyumba vya udongo na makuti kwenye shamba la mzee mmoja. Kwetu hilo ni jambo la kawaida: nyumba yangu, ardhi yake. Alinipa sharti moja tu, nisipande mti wa kudumu. Mihogo sawa, mnazi hapana, kwa kuwa anayepanda mnazi leo kesho atadai na ardhi. Nikikiuka, nabomoa na kuondoka. Nami sikuwa na kitu kingine duniani ila nyumba ile.

Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa mkata miwa kutoka bara, mpole, ameoa binti wa Kikoneni. Wakapata mtoto. Asubuhi moja nikakuta mche wa mnazi mlangoni pao, umemwagiwa maji vizuri. Nikauliza ni nani aliyeupanda.

"Tumezika kitovu cha mtoto hapo, mama," mkewe akaniambia kwa furaha. "Si ndivyo tufanyavyo?"

Ndivyo tufanyavyo, na ndiyo maana sikuthubutu kuung'oa. Mtoto angepata homa tu, ningeitwa mchawi, na nadhani hata mimi ningeamini.

Basi nikauficha. Nikapanda mihogo kuuzunguka, nikaanika mikeka mbele yake kila niliposikia mzee anakuja. Mihogo ikashindwa. Mnazi ukanipita kimo, kisha ukalipita paa. Mzee akapita, akatazama juu, akaenda zake, na hilo lilinitesa kuliko ugomvi. Nadhani pwani nzima nilikuwa mwanamke pekee aliyeomba mnazi usizae.

Ukazaa. Nilipoona madafu yamejaa, nikajua siwezi tena kukaa nikingoja kufukuzwa. Nikamwomba mpangaji aniangulie dafu la kwanza, nikavaa buibui, nikaenda kwa mzee. Alikuwa kibarazani na wanawe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nimekuletea dafu la mnazi wako, ule ulioko kwangu. Mpangaji alizika kitovu cha mwanawe pale. Mti ni wako, na kila ukizaa nitakuletea."

Akalipokea dafu, akampa mwanawe mmoja alikate.

"Nilikuwa nangoja uuite wangu," akasema. "Kaa na nyumba yako."

Akanywa. Maji yakamchuruzika kidevuni, mikono ikimtetemeka, na hapo ndipo nilipoona jinsi alivyozeeka. Nikawaaga wanawe. Hakuna aliyeitikia.

Njiani nilimshukuru Mungu, lakini kabla sijafika nyumbani hofu ilikuwa imenirudia. Neno la mzee lilikuwa la mdomo tu, na mdomo ulikuwa wake, si wa wanawe. Tangu siku ile nikaacha kuuombea mnazi usizae, nikaanza kumwombea mzee asife.