Mikono Safi

Nimefua nguo za watu miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza vidole vyangu vina hali gani mpaka siku nilipoambiwa vitasomwa na mashine.

Shule ya bweni iliyo nyuma ya soko ilikuwa inatafuta dobi wa kudumu. Wa kudumu, yaani mtu aliye kwenye orodha, mwenye siku ya kupumzika na ruhusa ya kuugua. Matroni alikuwa ananijua, maana shuka za wanafunzi zikizidi alikuwa ananiletea mafurushi nyumbani. Akaniambia kazi ni yangu, bado kitu kimoja tu: barua ya polisi ya kuonyesha kwamba sina kosa. Barua haitoki bila alama za vidole, na siku hizi wino umekwisha kazi, unabonyeza kioo basi. Akanipa karatasi ya miadi, wiki mbili mbele, siku ya Ijumaa. Jumatatu yake shule inafunguliwa na dobi anatakiwa awepo.

Nikacheka. Yeye akadhani ni furaha.

Mimi na alama za vidole tunajuana. Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa nafua kwa mama mmoja mwenye nyumba ya ghorofa. Pete yake ya ndoa ikapotea Jumanne, na Jumanne ndiyo ilikuwa siku yangu ya kufua. Ushahidi mwingine haukuhitajika. Kituoni walinipaka wino vidole vyote kumi, wakavibingirisha kimoja kimoja juu ya kadi, na askari akavisifia. Alisema si kila siku anapata alama zilizotoka vizuri namna ile. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata mwaka ule.

Alhamisi wakaniachia, wakasema wakinihitaji wataniita. Hawakuniita, nami nikakaa kila siku kama mtu anayesubiri kuitwa. Baba watoto hakuwa na subira hiyo. Jumapili alisema hawezi kuishi na mwanamke mwenye mkono mwepesi, akaondoka na redio yangu. Wifi yangu mpaka leo nikiingia kwake anakumbuka ghafla kwamba mkoba wake una kitu anachotaka kukitazama chumbani.

Kwa hiyo niliposhika ile karatasi nilijua mambo mawili. Bila barua hakuna kazi. Na mle ndani ya jengo la polisi kuna kadi ina vidole vyangu kumi, vimekaa vinanisubiri. Nikaamua nitanyamaza. Nikajipa moyo kwamba panya wamekwisha kuila.

Binti yangu alinisomea masharti ya kwenye ile karatasi, kwa wale ambao alama zao zimelika kwa kazi. Wiki mbili nisiguse sabuni kali wala dawa ya kutoa madoa, nipake mafuta asubuhi na jioni, nisisugue. Kumwambia dobi asisugue ni sawa na kumwambia apumue kwa zamu, lakini nilitii. Binti akafua, mimi nikakaa kwenye kiti mlangoni, mikono nimeilaza mapajani kama mgeni rasmi. Jirani yangu mshonaji akapita mara tatu kuhakikisha anachokiona.

"Shoga, umeposwa?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeposwa na serikali, na mahari ni vidole.

Siku ya nne binti aliinua shuka zito la bweni akiwa amelowa hadi kiunoni, akataka kujua kama mle ndani wamemsahau mwanafunzi. Siku ya saba hakuuliza kitu tena. Siku ya kumi nilianza kuona mistari kwenye ncha za vidole vyangu, myembamba kama nyuzi za leso ya zamani. Nilivionea haya. Vilikuwa vidole vya mtu mwingine, mtu aliyelelewa vizuri.

Asubuhi ya miadi niliigeuza ile karatasi. Sikupelekwa shule, lakini herufi nilijifunza mwenyewe kwenye pakiti za sabuni, na nikipewa muda nasoma. Nyuma kulikuwa na mstari mmoja ambao binti hakuuona, au aliuona akanihurumia. Nikausoma kwa kidole, neno kwa neno: *Mwombaji afike akiwa na mikono safi.*

Mikono safi. Nililirudia hilo mara mbili. Mtu ametumbukiza mikono kwenye povu miaka ishirini na mitatu, anatoa jasho la kaya nzima kwenye kola za wanaume wasiomjua, halafu anaandikiwa aje na mikono safi. Nikaona wananijua. Nikaona kadi wanayo, na hiki ni kijembe wamenitupia mapema. Sikumwita binti. Nilichukua jiwe la kusugulia visigino, ndimu mbili na sabuni ya mche, nikakaa uani, nikaisugua mikono yangu mpaka ikawaka. Kama ni usafi wanautaka, wataukuta.

Karani wa vidole alikuwa mama wa rika langu, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Aliniamkia vizuri, akaniweka mbele ya kile kioo, akakishika kidole gumba changu na kukibonyeza. Mashine ikalia. Akakifuta, akabonyeza tena. Ikalia tena. Tukaenda hivyo kidole kwa kidole, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuchungulia. Kilikubali kimoja tu, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ninachokiinua juu nikikamua nguo.

"Mama, kazi yako nini?"

"Nafua."

"Basi mashine inasema hapa hakuna mtu." Akaigeuza mikono yangu, akaitazama ile mikwaruzo. "Na leo asubuhi umeifanya nini?"

Nikamwambia nimeisafisha kama walivyoandika. Akavaa miwani, akasoma ule mstari kama ni mara yake ya kwanza kuuona, akashusha pumzi. Wao walikuwa na maana ya kunawa. Watu wanakuja na mafuta ya chipsi, kioo kinachafuka.

Kisha akanieleza, taratibu, kwamba njia ni mbili. Anaweza kugonga muhuri wa *haisomeki*, nikarudi baada ya miezi mitatu. Au kama niliwahi kuchukuliwa alama zamani kwa wino, kadi zote za zamani zimeingizwa kwenye kompyuta, na kidole kimoja kinatosha kulinganisha.

"Uliwahi kuchukuliwa?"

Nilitazama mikono yangu. Nikisema hapana, Jumatatu shuka zinafuliwa na mtu mwingine. Nikisema ndiyo, huenda ni hivyo hivyo, tena na foleni nzima imesikia. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba kwenye kadi ile nilikuwepo.

"Niliwahi," nikasema. "Kwa wizi."

Foleni ikasogea hatua moja karibu. Karani hakuinua kichwa. Akaandika, akasubiri, na kadi yangu ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, vidole vyote kumi vyeusi, vizuri, kama askari alivyosema. Akalinganisha kile kidole cha mwisho. Ni mimi. Akafungua nyuma ya kadi, akasoma.

"Mama, mbona hili jambo lilifutwa?" Akanisomea kwa sauti ya chini. "Mlalamikaji amefika mwenyewe kituoni. Pete imepatikana ndani ya bitana ya koti lake. Hana dai."

Nikamwomba asome tarehe. Akaisoma. Nikamwomba aisome tena. Ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Mimi nimetoka Alhamisi, baba watoto ameondoka Jumapili, na Ijumaa hapo katikati yule mama amekuja kituoni, ambako huwezi kufika bila kupita mtaani kwetu.

"Hukuambiwa?"

"Nani aniambie? Jumanne iliyofuata alishapata mfuaji mwingine."

Karani akapiga chapa barua yangu, kisha bila kuombwa akanipigia chapa na ule upande wa nyuma wa kadi. Barua nimempa matroni. Ile nyingine ninayo, nimeipitisha kwa wifi nikamwomba anisomee, nikasema macho yangu hayaoni vizuri. Aliisoma hadi mwisho, na chai yangu siku hiyo ilitiwa sukari.

Sasa ni mwezi wa tatu nipo kwenye orodha. Siku ya kwanza matroni alinikabidhi jozi mbili za glavu na akaniandikisha kwamba nimezipokea. Mistari inarudi kwenye vidole vyangu, kidogo kidogo. Wiki iliyopita baba watoto naye ametuma salamu, anasema amesikia yaliyoandikwa nyuma ya kadi, na amesikia pia kwamba ni kazi ya kudumu. Nimemjibu kwamba aje Jumamosi mchana, aje na redio yangu, na awe na mikono safi.