Ukucha wa Fundi wa Msasa

Fundi wa msasa wa karakana yetu hapa Gujranwala hufumba macho na kupitisha ukucha juu ya chuma, ajue mistari yake imelala vipi. Ndipo huvuta msasa kuifuata, kuelekea upande mmoja tu. Leo mwenye mkahawa alikuwa njiani kuchukua meza yake ya chuma, na alishasema akiona kiungo, pale vipande vilipoungwa, haichukui. Mimi niliyekichomelea nilikuwa nimekisugua kwa kuzungusha, kikang'aa, nikajitazama humo nikajipenda.

"We Tufail, hii meza au kioo cha kinyozi?" fundi akauliza. "Na ndevu zenyewe huna."

Akavuta, akainua mkono, akavuta tena, mpaka mistari ikaungana. Mteja alipofika aliinama, akatafuta. "Mmeunga wapi?"

Mimi mjinga nikakimbilia kumwonyesha kazi yangu. Bahati nzuri, nami sikuiona.