Safari ya Agosti ya Eldon Kangas

Eldon Kangas alikuwa dereva wa lori la kusukuma theluji. Miaka yote aliyofanya kazi katika wilaya yetu, huku kaskazini kabisa mwa Michigan, aliamka kabla ya watu wote akatufungulia barabara, na ukimshukuru alitazama pembeni kama umemtukana. Nilikuwa jirani yake ua kwa ua tangu mume wangu aliponileta hapa kutoka Tanga, na nilimpenda. Nasema hilo mapema kwa sababu mbele nitamsema, yeye na mkewe Lempi, na sitaki mtu adhani nina chuki nao.

Januari ile daktari alimwambia ana kansa ya kongosho, na kwamba majira ya joto hatayaona. Lempi alikuja kunieleza jikoni kwangu, koti hajalivua, kwa sauti ileile ambayo angetumia kuniomba ngazi. Akaongeza kwamba Eldon hataki Karla aambiwe. Karla ndiye mtoto wao wa pekee, karani wa benki huko Arizona, karibu na mpaka wa Meksiko. Lempi alisema atajua tu wakati ukifika. Nilipomuuliza ni wakati gani huo, aliisifu kahawa yangu.

Ndivyo walivyo watu wa hapa, wajukuu wa Wafini waliokuja kutoka Ulaya kuchimba shaba. Kwao kumsumbua mtu ni aibu kubwa kuliko kuiba. Mtu atavunjika mguu, atajikokota mwenyewe hadi hospitali asikugongee mlango, kisha akikutana nawe baadaye atakuomba radhi kwa kukuchafulia theluji.

Februari ikaja, na kwa Eldon Februari ilikuwa na maana moja tu: kuweka nafasi ya kambi. Viwanja vya kupigia hema katika hifadhi ya jimbo, pale ufukweni mwa Ziwa Superior, hufunguliwa miezi sita kabla, saa mbili kamili asubuhi, na vile vya ukingoni mwa maji huisha kabla hujapepesa macho. Kila familia ina kiwanja chake. Hakuna aliyewapa, ni mazoea tu, lakini mwaka wakikikosa utadhani wamefiwa. Cha akina Kangas kilikuwa chini ya mierezi, na hapo ndipo Karla alipojifunzia kuogelea. Asubuhi ile niliitwa kwa sababu vidole vyangu vina kasi kuliko vyao. Nilibonyeza kwenye kompyuta yao, nikakipata, wiki nzima ya Agosti.

"Umewapiga bao watu wa Detroit wote, jirani," Eldon alisema, akicheka huku ameshika ubavu. "Huko waliko wanang'oa nywele."

Nilicheka naye, na moyoni nilitamani kulia. Alimpigia Karla palepale. Karla alifurahi mno. Likizo yake ilikuwa fupi, hawezi kuigawa mara mbili, kwa hiyo akasema basi ataiweka yote Agosti. Eldon akamwambia hilo ni jambo la busara. Lempi alikuwa anakata mkate wa hiliki, na hakuacha kukata.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa ya maandalizi. Hema lilitandazwa sebuleni, Eldon akawa analitia viraka akiwa amelala ubavu, maana kukaa kulimshinda. Kila Jumapili kabla ya kumpigia binti yake alikunywa maji ya moto, akaomba ainuliwe, akaegemezwa mito, ili sauti itoke. Na ilitoka! Mwili ulikuwa umebaki mifupa, lakini kwenye simu alikuwa Eldon yule wa lori. Waliongea nani aje na kikaango, samaki wa kukausha kwa moshi wanunuliwe duka gani, na kwamba kuni zisitoke nyumbani kwa sababu hifadhi haitaki wadudu wa miti ya mbali. Binti alicheka huko, baba alicheka huku, kisha simu ikikatwa alitapika.

Mimi nilishindwa. Mwezi wa tatu nilimpigia Karla mwenyewe, nikamwambia baba yako anaumwa sana, njoo. Alishtuka, na Jumapili hiyohiyo akamuuliza. Nilikuwepo, nimekuja na supu, Lempi amekaa pembeni ya mumewe, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya wazi.

"Baba, jirani ananiambia hali yako si nzuri. Nije?"

"Jirani ana huruma nyingi. Nikipiga chafya ananiletea supu."

"Naongea kweli, Baba. Naweza kuja wiki hii."

"Ukichukua likizo sasa, Agosti utakuja na nini? Barabara zetu ni barafu tupu. Usisumbuke, mwanangu. Wewe niletee godoro la kupuliza, letu linavuja."

Nilimsikia Karla akishusha pumzi. Kwake, anayeagiza godoro la Agosti hawezi kuwa mtu wa kufa. Nikainuka niseme, lakini Eldon alikwisha kata simu, akaniangalia, akaniambia hii ni nyumba yake. Hakuwahi kunipandishia sauti maisha yake yote, na hata siku hiyo hakupandisha. Nilipompigia tena Karla, alinijibu kwa upole wao ule kwamba anashukuru kwa kumjali baba yake, ila mwenyewe amesema yuko sawa. Nilikasirika hadi nikamkatia simu.

Eldon alifariki mwanzoni mwa Mei, barafu haijaisha ziwani. Karla alifika kwenye maziko. Hakulia. Aliwamiminia watu kahawa katika chumba cha chini cha kanisa, akawashukuru mmoja mmoja, akapanda ndege akarudi.

Nilidhani safari imekufa naye. Lakini kiwanja kilikuwa na jina lao, na Lempi aliona ni aibu kukiacha wazi wakati wengine walikikosa. Karla naye, kwa kuwa alikwisha sema atakuja, alikuja. Mimi ndiye niliyewaendesha.

Siku ya pili tulikuwa tumekaa mbele ya maji, jua zuri, watu wa viwanja vya jirani wanachoma soseji. Tulikuwa tumeshaongelea mbu, tukaongelea na ubaridi wa maji. Karla akasema, bila kumgeukia mama yake:

"Nilimuuliza kama nije. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake."

"Hakutaka kukusumbua."

"Na wewe, Mama?"

Lempi alizungusha kikombe chake. "Mimi nilijua tangu Januari. Alikuwa anafurahi kupanga na wewe. Sikuwa na moyo wa kumharibia."

"Mimi nilitaka kusumbuliwa," Karla alisema.

Nilisubiri Lempi amshike mkono, au amwombe radhi, au hata amgombeze. Alitazama ziwa, akasema mawingu yale yakisogea huenda tukapata mvua jioni. Karla aliinuka, akaanza kukunja nguo zake. Nilimfuata nikamshika, nikamwambia mama yako hajui njia nyingine, kaa. Alinishukuru. Mchana huohuo aliita gari la kumpeleka uwanja wa ndege, na mama yake akamfungia mkate wa njiani.

Lempi alimaliza wiki yake yote pale. Aliporudi mjini, watu wa dukani walimuuliza safari ilikuwaje, akajibu haikuwa mbaya, hali ya hewa iliwapendelea.

Karla hajakanyaga hapa tena. Namwambia Lempi kila mara, mpigie simu huyo mtoto, mmebaki wawili tu duniani. Ananijibu kwamba Karla ana kazi nyingi, na yeye hapendi kumsumbua.