Taji la Tarcisio

Ersilia ana mdomo. Soko zima la Testaccio hapa Roma linajua, na mimi ninayeuza jibini kibanda cha pili najua zaidi. Mteja akibinya nyanya zake bila kununua, atasemwa mpaka afike barabarani. Lakini kwa mdogo wake Tarcisio alikuwa siagi juani. Wazazi wao walipofariki alimlea yeye, akakataa wachumba, akamsomesha kwa nyanya hizo hizo.

Miaka yote ya masomo hakukanyaga chuo kikuu. Tarcisio alimkataza. Pale uwanjani kuna sanamu ya Minerva, yule mungu wa kike wa hekima, na kila mtu Roma anajua kwamba mwanafunzi akiitazama usoni kabla ya kuhitimu, hahitimu ng'o. "Na ndugu zake pia, dada," alimwambia. "Ukiitazama tu, umenimaliza." Basi sisi hata basi likipita karibu na lango, Ersilia anafumba macho, na mimi ananiziba uso kwa mkoba wake.

Siku ya kutetea tasnifu, Tarcisio alimwambia amsubiri nyumbani. Asubiri nani! Alisokota kwa mkono wake taji la laureli wanalovishwa wahitimu, majani yale yale tunayotia kwenye mchuzi, akalifunga utepe mwekundu, akanivuta twende. Tukaingia chuoni kinyumenyume, macho chini, tumeshikana mikono.

Msichana mmoja akatucheka. "Mama zangu, mbona mnatembea hivyo?"

"Mdogo wangu anahitimu leo. Hatutaki kumtia nuksi."

"Kha! Mwiko ni wa wanafunzi tu. Wazazi wangu wamepiga picha nayo, na mimi nimefaulu!"

Ersilia akainua uso, akaitazama ile sanamu. "Labda kitivo chao ni tofauti," akasema. Rangi ilikuwa imembadilika.

Tarcisio tulimkuta kwenye ngazi, suti mpya, taji kichwani tayari, kazungukwa na watu wenye viatu vya bei mbaya. Mama mmoja mwenye lulu shingoni alikuwa anamweka sawa utepe. "Huyu ndiye anamwoa binti yangu," alimwambia kila aliyepita. "Maskini, hana ndugu hata mmoja duniani. Sisi ndio nyumba yake."

Tarcisio akatuona. Naapa alituona. Yule mama naye akaona taji mikononi mwa Ersilia, akadhani ni mmoja wa wale wanaouza mataji langoni.

"Asante, mama, sisi tumeshapata," akasema kwa upole.

Ersilia alikuwa anamtazama mdogo wake, anamngoja. Alitaka neno moja tu: dada. Tarcisio akalamba midomo.

"Ndiyo, mama, tumeshapata," akamwambia Ersilia. "Jaribu wale pale."

Mimi damu ilinichemka. Nimelishwa usaliti mwingi maishani, ila huu ulinichoma utadhani ni wangu. Nikafungua mdomo nimvue nguo mbele ya wakwe zake. Ersilia akanibana mkono mpaka nikauma meno. Nikasema moyoni, haya, sasa anamlipukia mwenyewe, na nikafurahi.

Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia sokoni.

"Samahani, kijana. Nimekufananisha na mdogo wangu."