Tabasamu Alilorudi Nalo Mama

Harufu ya mawese yakichemka hunirudisha hadi leo jikoni kwa Bibi, kijijini kwetu kati ya Kasulu na Kibondo, macho yakiniwasha kwa moshi huku akitusimulia habari za zimwi. Zimwi la Bibi halikuwa na pembe wala mkia. Lilikuja na sura ya mtu unayemjua, likakuchekea.

"Litazameni macho," alituonya mimi na mdogo wangu Yohana. "Meno yanacheka, macho hayacheki."

Yohana alikuwa na miaka miwili. Alinyonya kidole chake tu. Mimi nilikuwa na saba, na niwaambie ukweli, niliamini kila neno.

Masika yale Yohana alishikwa na homa. Mama akambeba mgongoni, akapanda naye basi kwenda hospitali, Kibondo. Siku ya tatu, mchana, niliona basi likisimama barabarani, nikakimbia kuwapokea. Mama alishuka taratibu, Yohana akiwa mgongoni, kafunikwa kitenge mpaka kichwani. Akanichekea. Meno yote yalikuwa nje, lakini macho yalinitazama kama ya mtu asiyenijua.

"Yohana amelala?" nikauliza.

"Amelala, mwanangu."

Basi lilipoondoka tu, akaketi kwenye tope. Majirani wakaja mbio, wakafungua kitenge, wakaangua kilio. Mama hakulia. Lile tabasamu lilikuwa bado usoni pake.

"Huyu si mama!" nikapiga kelele, nikakimbilia kwa Bibi.

Nilikaa huko karibu mwezi mzima. Kila jioni Mama alikuja na viazi vya kuchoma, akaniita kwa jina pale mlangoni, nami nikajibanza nyuma ya gunia la maharage. Bibi wa watu alijuta. Akaniapia kwamba zimwi ni hadithi tu. Nikamjibu kwamba mimi nimeliona.

Mwaka jana, tukichambua maharage nyumbani kwangu Kasulu, nilipata ujasiri wa kumuuliza Mama. Hakuinua uso.

"Alinifia alfajiri, kulekule hospitali," alisema. "Dereva angejua nimebeba maiti, asingenipakia. Basi kila aliyenitazama nikamchekea. Mama mmoja akaniambia, 'Mtoto wako ana usingizi mzuri.' Nikamwambia ndiyo, amechoka. Mpaka nashuka, uso ulikuwa umegoma kurudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka saba."

Nilimwomba radhi. Akasema yamepita, akaendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Leo najua kwamba uso wa mtu unaweza kucheka kwa hofu, au kwa kujikaza tu ili afike nyumbani. Lakini kulijua hilo hakunipunguzii kitu. Ninazozikumbuka ni zile jioni za mlangoni. Mama alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa ndani, kajificha, akiomba Mungu amwondoe pale mlangoni.